Kreti la Soda kwenye Kiti Changu

Nilifunga ndoa kanisani, mume mmoja mke mmoja, na bado nikapata mke mwenza. Alikuwa wa rangi ya kahawia, ana mkia, na alipewa kiti changu.

Kuhusu kiti sitanii. Mume wangu alipostaafu ualimu alinunua pikipiki, na kiangazi cha kwanza aliyekaa nyuma yake ni mimi, tukienda kanisani au kuwasalimia ndugu zake Nshamba. Kiangazi kilichofuata alichukua kreti tupu la soda, akatandika gunia ndani, akalifunga kwa boliti pale pale nilipokuwa nakaa. Mbwa wetu jike akarukia humo bila kubembelezwa. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda sokoni kwa bodaboda, na yeye anapunga upepo mgongoni mwa mume wangu.

Na walitembea! Jumamosi hii Kemondo, kutazama mizigo ikishushwa bandarini, na wavuvi wakamtupia mbwa kichwa cha sangara. Jumamosi ile wako rweya, kwenye nyasi zile za wazi kule juu, mbwa anakimbiza ndege asioweza kuwakamata. Siku nyingine wako ufukweni hapa mjini, mume wangu amekunja suruali, anamwogesha mbwa kwa sabuni. Sabuni yangu ya kuogea. Jioni walirudi wamelowa, wanacheka wote wawili, naapa yule mbwa alikuwa anacheka, na mimi nimesimama na ndizi zilizopoa. Niliona wivu, wivu hasa. Kwa siku moja mbwa aliambiwa maneno mengi kuliko niliyoambiwa mimi kwa wiki.

Ijumaa moja, mume wangu alipokwenda kwenye sala za jumuiya, nilichukua spana nikafungua boliti zote nne. Kreti nikalitupa migombani, kiti nikakifuta mpaka kikang'aa. Asubuhi yake nilivaa gauni la kitenge la sikukuu, nikakaa barazani kungoja kuitwa.

Alitoka ndani na ufunguo mkononi. Akakitazama kiti, akanitazama mimi na gauni langu, akaurudisha ufunguo mfukoni. Kisha akampigia mbwa mluzi, wakatoka langoni kwa miguu. Kiti kilikuwa changu tena, na pikipiki ilibaki uani.

Waliporudi saa kumi sikuweza kuvumilia.

"Baba, ulishindwa nini kuniita?"

Alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Hakuinua uso.

"Waitu, mke wangu, kiangazi kile nilikuita mara ngapi? Ulisema kahawa haijakauka. Ulisema maharage yako motoni. Ulisema wiki ijayo. Nimechoka na wiki ijayo yako. Huyu nikigusa tu ufunguo, ameshafika langoni."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, kama kawaida yangu. Lakini yote aliyoyasema nilikuwa nimeyasema, tena kwa sauti ile ile aliyoiiga. Nikaingia jikoni. Usiku ule mbwa alipata chakula kidogo kuliko siku zote, nakiri.

Wiki ilikwenda tukisalimiana kama majirani. Jumamosi kulipopambazuka nilivaa raba, nikatoka na reki kugeuza kahawa kwenye turubai, upande wa langoni. Haikuhitaji kugeuzwa. Nilikuwa naogopa kwamba hataniita tena, na kusema mwenyewe "nipelekeni na mimi" mdomo ulikataa.

Hakuniita. Alinipita akashika njia ya kuteremka ziwani, mbwa ametangulia. Hawakuwa wamefika mbali mbwa aliposimama, akageuza kichwa, akanitazama. Mume wangu akapiga mluzi. Mbwa hakusogea. Akapiga tena. Ndipo naye akageuka kuona mbwa anangoja nini, akaniona nimeshika reki, na raba miguuni.

"Na kahawa?" aliuliza.

"Itakauka yenyewe."

Niliiacha reki juu ya turubai nikawafuata. Tuliteremka mlima wa Kibeta sote watatu, mume wangu ananionyesha mahali wanapopumzikaga, jiwe wanalokalia, mama anayewapa maji ya kunywa. Nilicheka siku ile mpaka mbavu zikauma, na niliporudi nyumbani nililala na furaha.

Ila aliyesimama kunisubiri ni mbwa, si mume wangu, na hilo sijamsamehe yule mbwa mpaka leo.