Mtungi Uliosuguliwa kwa Sabuni

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku pombe ilipogoma kuchachuka, nami ni bibi harusi hapahapa Misunkumilo, njia ya kisimani hata sijaizoea. Nyie wa siku hizi pombe ikilala mnaimwagia sukari. Sukari! Mtu kazimia, wewe unamlisha ubwabwa.

Ilikuwa kipupwe, mtama umekauka, majirani wamealikwa kuja kupura. Kwetu mtu hapuri kwa asante, anapura kwa pombe. Pombe ikikosekana, mtama unabaki uwanjani na jina la mji, la nyumba nzima, linachafuka. Kazi ya kupika nikapewa mimi, ili ukoo uone mwali ana mkono gani. Nikapika uji, nikaupoza, nikatia unga wa kimea cha ulezi, nikamimina mtungini. Asubuhi nikategesha sikio: kimya. Hakuna povu. Uji mtamu tu, umepoa kama maji ya mto.

Wifi yangu akachungulia, akapiga makofi. "Haa! Bibi harusi, mkono huo ulizaliwa kwenye barafu? Unaua pombe!"

Mama mkwe hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniuma. "Mkono baridi haukai mji huu. Pombe isipoamka, kesho arudi nao kwao."

Mwingine angelia. Mimi nimelelewa kwenye moshi wa pombe ya mama yangu. Nikaingiza kichwa mtungini, nikanusa. Sabuni! Mama mkwe mwenyewe, kwa kuwaonea wageni aibu, alikuwa ameusugua kwa sabuni na mchanga mpaka unang'aa. Mtungi wa pombe hausuguliwi, mwanangu. Unasuuzwa kwa maji, basi. Ndani ya udongo wake imelala chachu ya pombe zote zilizopita. Ukisugua umemfukuza mwenye nyumba.

"Mama," nikasema, "mkono wangu mzima. Kilichouawa ni mtungi."

Wifi akashika mdomo. Mji ule mwali alikuwa hajibu.

Nikachukua kibuyu niende kwa Mama Kulwa, jirani aliyekuwa anapika pombe ya kuuza. Yeye na mama mkwe walikuwa hata hawasalimiani.

"Ukienda kwa yule umetuvua nguo!" wifi akanifokea.

"Basi nawavua."

Nikapita katikati ya njia, mchana kweupe, wanawake wa kisimani wananitazama. Mficha uchi hazai. Mama Kulwa alicheka mpaka akashika kiuno. "Leo wakubwa wameishiwa chachu?" Lakini alinipa machicha ya pombe yake, bado yanapumua. Mdomo wake mchungu, mkono wake wazi. Watu wa hivyo wapo.

Nikaupasha uji moto kidogo, mpaka kidole kikakubali kukaa ndani bila kuungua. Nikauhamishia chungu kingine kisichojua sabuni, nikatia machicha na kimea kipya, nikaufunika kwa blanketi langu la harusi, karibu na jiko. Jua lilipoanza kuinama nikasikia: tss, tss, tss. Pombe inasema.

Kesho yake wapuraji wakafika, wakapura, wakakaa na kiu yao. Wifi akanyoosha mkono achote, kama vile hakujatokea neno. Nikaishika kata.

"Kabla mtu hajanywa, niambieni mbele ya hawa: mkono wangu una nini?"

Mume wangu akaangalia miguu yake. Mama mkwe akainuka, akaichukua ile kata, akachota, akanywa yeye kwanza. Akafuta mdomo.

"Mkono mzima," akasema. "Sabuni ilikuwa yangu."

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Pombe ikilala, usiimwage na usimtafute mchawi. Nusa chombo, angalia baridi, angalia kimea chako kama hakijazeeka. Omba machicha kwa aliye nayo, hata kama hamsalimiani. Na watu wakikubandika ubaya wa kitu ambacho hukukiharibu, usiubebe kwa jina la adabu. Mheshimu mkubwa, mpigie magoti, lakini sema. Nilipiga magoti miaka mingi mbele ya yule mama, na nilimzika kwa machozi ya kweli. Wala siku ile sijaijutia.

Mungu akupe mji wenye watu, akupe wageni wanaoondoka wakiimba, na ulimi usioogopa kikao. Nenda, mama, umebarikiwa.