Pembe Isiyopulizwa Bure

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vipya, na kile kipande cha mwisho cha kupanda mlima kikanichubua visigino vyote viwili. Nikaingia hospitalini nachechemea, muuguzi mpya wa afya ya akili. Mganga Mfawidhi, yaani daktari aliyeongoza hospitali, akaniangalia miguu, kisha akaniuliza, "Binti, akili ni nini?"

Nikamjibu upesi kwamba ni kufaulu mitihani. Wee! Alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo ni sehemu ndogo tu," akasema. "Akili ni pamoja na kuelewa jambo geni na kubadilika nalo. Na hisia nazo zinafanya kazi humo humo. Usizitenganishe, utatibu nusu mtu."

Nilianzia huko milimani, nikateremshwa Same mjini, nikapandishwa tena. Muuguzi Mkuu wa milimani alikuwa mama mkali asiyependa uvivu wa mdomo. Ukimwandikia kwamba mgonjwa "ana mawazo," anakurudishia karatasi. "Kila mtu ana mawazo! Mimi hapa ninayo. Sema anafikiri nini, anahisi nini, na mwili wake unafanya nini." Ndiye aliyenifundisha msongo: mwili unapoona hatari unamwaga homoni, moyo unakimbia, viganja vinatoka jasho, damu inakwenda miguuni ili ukimbie au upigane. Hatari ikipita mwili hutulia. Balaa ni pale unapokataa kutulia.

Katika miaka yangu yote, aliyenishangaza kuliko wengine ni Nakijwa, mkulima wa tangawizi kule juu ya Mhezi. Mvua kubwa ilimegua kipande cha mlima, kikamfukia mumewe shambani. Alizika, akalia, akarudi kulima. Lakini tangu hapo hakuonekana kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Na kwetu Upareni, asiyezibua ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, hapati zamu ya maji. Tangawizi yake ilianza kunyauka. Majirani wakasema anaringa. Ana watoto watatu, jamani, anamringia nani?

Nikamfuata nyumbani. Tulikuwa tunapembua maharage, ananisimulia vituko vya mbuzi wake, tunacheka. Mara ng'ambo ya bonde ikalia pembe ya kuita watu kazini. Ungo ukamponyoka. Nikamshika mkono, jasho linachuruzika, mapigo yanakimbia.

"Umeona, nesi?" akasema. "Mimi si mvivu. Miguu inakataa tu, wala sijui kwa nini."

"Siku ile ya mlima, watu waliitwaje kuja kufukua?"

Akayatazama maharage yaliyomwagika. Kisha akasema polepole, "Kwa pembe."

Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimesoma darasani kwamba ubongo huambatanisha vitu viwili vilivyokuja pamoja, kimoja kikija unakitarajia kingine. Lakini kusoma ni kusoma. Hapa palikuwa na mwanamke mzima, mwenye akili zake timamu, na ubongo wake ulikuwa umejifunza jambo bila kumwomba ruhusa. Kila pembe ilipolia, mwili wake ulikuwa unakwenda kufukua tena.

Tiba yake nilikuwa naijua: asikie sauti hiyo kidogo kidogo, toka mbali, akiwa salama na watu wake, mpaka ubongo ujifunze upya. Nikaenda kwa Mzee Mbonea, mwenye dhamana ya ndiva na mtunza pembe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa. "Namhurumia, lakini pembe haipulizwi bure. Ikilia, watu wanaacha mashamba wanakuja. Nikiwadanganya leo, kesho mlima ukianguka nani atatoka?"

Alikuwa na haki. Nikainuka niage.

"Kaa," akasema. "Sijasema hapana. Tutatafuta kazi."

Jamani! Kijiji kizima kikaambiwa sababu, na Nakijwa mwenyewe aliridhia kiambiwe. Mzee alianza kwa kuipuliza pembe kwenye mlima wa mbali, watu wakatoka, wakakarabati njia ya kisimani. Safari nyingine akaisogeza karibu, wakajenga matuta kwa kikongwe mmoja. Nami nimekaa na Nakijwa mlangoni, jirani zake wawili ubavuni, tunapumua taratibu, anaeleza anachohisi. Siku nyingine alivumilia, siku nyingine alikimbilia ndani akajifunika blanketi. Wale wale waliosema anaringa walikuwa bondeni wanachimba, ili mwenzao aisikie pembe. Nilikuwa nawatazama huku machozi yananitoka, sikuona aibu.

Ikafika siku ya kuzibua ndiva. Mzee Mbonea alisimama ukingoni, akapuliza. Kwenye kona ya njia akatokea Nakijwa, jembe begani, kila hatua mbili anasimama. Mzee alipomwona hivyo akashusha pembe.

"Usiache, baba," Nakijwa akapaza sauti. "Naogopa, lakini nakuja. Puliza!"

Akapuliza tena. Yule mwanamke akashuka hatua kwa hatua mpaka kwenye tope, akaanza kuchimba. Wiki ile akapewa zamu yake ya maji.

Sasa nimestaafu, nipo Same, joto linanisumbua. Vijana wanaosomea kazi hii huniuliza hofu inaondolewaje. Nawaambia sijawahi kuiondoa hofu ya mtu. Nilimwona mtu akiteremka mlimani na hofu yake, kijiji kikimngoja chini, na mpaka leo nikikumbuka mwili hunisisimka.