Machage na Chai Inayochemka

Kwa heshima na taadhima, umma wa Butiama, Bunda na Musoma unatangaziwa kwamba Dokta Wegesa Machage, binti wa kijiji kilichodhani kimeshamaliza zamu yake ya kutoa watu wakubwa, ametunukiwa tuzo ya kimataifa ya utafiti uliotukuka wa saratani. Umma unaombwa kupiga makofi. Umma unaombwa pia usiulize kwa nini mtu pekee ambaye utafiti huo haujamwingia kichwani ni baba yake mzazi.

Baba huyo ni Stanislausi Machage, mfugaji, mtu wa Misa ya kwanza, na bingwa wa kunywa chai ya moto. Msicheke. Kila mtu na cheo chake, wengine ni madiwani. Chai ikitoka jikoni bado inatokota, Machage huimimina kooni kama anazima moto tumboni, kisha huweka kikombe chini na kuwatazama wenzake wanaopuliza.

"Pulizeni, pulizeni," huwaambia. "Mama zenu waliwaleaga kama mayai."

Ujuzi huo aliupata utotoni kule Mugeta, kwenye nyumba ya wavulana wengi na sufuria moja. Aliyengoja uji upoe alikwenda machungani na njaa. Machage na mdogo wake Eliud hawakungoja, na walipokua, watu walitoka Bunda mjini kuja kuwashindanisha.

Eliud alianza kukwamwa na nyama. Baadaye ugali. Baadaye uji wenyewe, na mwisho maji. Waliomzika walikuwa na majibu tele: mmoja alimtaja jirani, mwingine akataja ugomvi wa shamba. Wegesa, wakati huo msichana wa sekondari, hakuwa na jibu. Alikuwa na "kwa nini?" tu. Akaenda nayo chuo kikuu, akaenda nayo Ulaya, akarudi nayo akiwa daktari mwenye kipimajoto, akapita Mara nzima akikitumbukiza kwenye vikombe vya wazee.

Alianzia nyumbani.

"Tata, subiri kidogo nipime."

"Unapima nini? Chai yangu ina malaria?"

Kipimajoto kilipotoka mfukoni, kikombe kilikuwa kimeshakauka.

Miaka ikaenda hivyohivyo. Wegesa akaandika jinsi chai ya moto inavyozaa saratani ya koo, wenzake wakasoma, na hata kule Makoko, Musoma, kukawa na wazee wanaoacha kikombe kitulie kwanza kabla ya kukigusa. Machage alimsifu mwanawe mnadani, kanisani, mpaka kwa watu wasiomuuliza: "Yule amewashinda maprofesa!" Akimaliza kusifu, anameza moto. Mwaka huu mkewe, Matrida, alimpigia binti yake simu akiwa nyuma ya zizi, akasema kwa sauti ya chini: "Baba yako siku hizi anashushia ugali kwa maji. Ukimuuliza anasema ni unga mbaya."

Wegesa akaja na tuzo yake, akamshika baba mkono, akampeleka hospitali Musoma. Koo lilikuwa limeungua, lakini kansa haikuwemo. "Bado," daktari akasema. Machage alisikia "haikuwemo". Lile "bado" alimwachia daktari.

Jumapili ikafanyika sherehe. Ng'ombe akaanguka, turubai likafungwa, na mshereheshaji akaletwa kutoka mjini na suti inayong'aa kama sufuria mpya. Mgeni rasmi alieleza kwa kirefu jinsi barabara ya lami ilivyochangia utafiti wa saratani. Akapigiwa makofi, maana nyama ilikuwa bado jikoni.

Wegesa aliposimama hakusema mengi.

"Tuzo hii ni ya baba mdogo Eliud. Nimezunguka dunia nikiwaambia watu wangoje chai ipoe. Wamenisikia watu nisiowajua hata majina."

Akakaa. Hakumtazama baba yake. Hakukuwa na haja, turubai zima lilikuwa linamtazama kwa niaba yake.

Na hapo ndipo chai ikaletwa. Kikombe cha Machage kilikuwa kinafuka moshi. Felisian, rika lake, akapiga meza.

"Haya mura, waonyeshe wageni! Huyu huwaga hasubiri!"

Simu zikainuliwa. Machage akashika kikombe. Akaitazama tuzo mezani, kipande cha kioo kilichochongwa jina la Machage, jina lilelile lililoko kwenye msalaba wa Eliud nyuma ya nyumba. Akakirudisha kikombe chini.

"Naingoja."

"Wee! Unaogopa chai?"

"Naiogopa. Mtoto wangu ndiye kanifundisha kuiogopa, na amepewa tuzo kwa kazi hiyo. Wa kwako kakufundisha nini?"

Turubai likalipuka kwa kicheko. Felisian akajichekea mwenyewe, akaanza kupuliza cha kwake kimyakimya.

Wakangoja. Mshereheshaji akaweka wimbo, akauzima. Utando wa maziwa ukatanda juu ya chai. Matrida alikuwa amesimama na birika mkononi, amesahau anampelekea nani. Hatimaye Machage akainua kikombe, akanywa taratibu mpaka mwisho. Wegesa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, bila aibu ya kidaktari hata kidogo.

Mshereheshaji akaruka na kipaza sauti.

"Wananchi, historia imeandikwa! Mzee wetu, baba wa mshindi, hebu iambie dunia: chai iliyopoa ikoje?"

Machage akajifuta mdomo.

"Mbaya."