Nyumba Tuliyonunua Siku ya Soko

Kwa miaka tisa mimi na mume wangu tulipanga nyumba za watu katika senta ya Nyabiondo, na kila mwaka tulisema kwamba mwaka ujao tutanunua yetu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya. Hapa wananiita mama muganga. Mume wangu anafundisha shule ya msingi. Yeye ni mtoto wa wafugaji wa Burungu. Mimi nilizaliwa msituni, upande wa Walikale, ambako mtu akiona mahali pasipo na mti huuliza kulitokea msiba gani. Tulikuwa tumeishi vizuri na tofauti hiyo mpaka siku mwenye nyumba alipotuambia kwamba mwanawe anaoa, na kwamba tukimaliza kuvuna maharage tuwe tumehama.

Tukamtafuta komisioneri, yaani mtu anayetembeza wanunuzi kwenye nyumba na parseli zinazouzwa. Alikuwa mtu mzima, mwenye simu mbili, na kila nyumba kwake ilikuwa nyumba nzuri. Mama yangu naye alikuwa amekuja kutoka Walikale kunisaidia na mtoto wa mwisho, akasema na yeye atakwenda kuangalia. Kwa desturi yetu mkwe haongei ana kwa ana na mama mkwe wake, kwa hiyo kila alichotaka kumwambia mume wangu alikipitisha kwangu, hata kama mume wangu amesimama hatua mbili kutoka kwake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa kando ya barabara, karibu na soko. Mama hakuingia hata ndani.

"Mwambie bwana yako," alisema, "siku ya kukimbia, watu wa barabarani njo wanaonekana wa kwanza."

Tulikuwa tumekimbia vita mara mbili katika miaka ile, hakuna aliyebishana naye. Komisioneri akatupeleka kwenye nyumba nyingine, ndani kabisa, nyuma ya mashamba ya mihogo. Hapo mama akauliza kama tunataka kuwa wa mwisho kusikia habari, wakati wenzetu wameshafika mbali. Nikamuuliza basi mtu akae wapi. Akajibu kwamba si yeye anayenunua.

Parseli ya tatu ilikuwa juu ya kilima, haina nyumba, ina majani tu. Mume wangu aliinama, akang'oa konzi moja, akaisugua kiganjani, akainusa, kisha akatafuna bua moja taratibu kama anayeonja mchuzi. Sikuwa nimeuona uso wake umekunjuka vile tangu tuhamie Nyabiondo.

"Haya njo majani," alisema.

Nilimkumbusha kwamba hatuna ng'ombe. Alisema ng'ombe hupatikana, mahali pa ng'ombe hapapatikani. Nilimuuliza komisioneri maji yako wapi, naye akaonyesha kwa kidevu, kule chini bondeni. Nikaazima bidoni ya kuchotea maji kwa jirani, nikashuka, nikapanda nayo imejaa. Nilipofika juu mgongo ukiniuma na blauzi imelowa, mume wangu alikuwa amekwisha kuchagua pembe ya zizi. Hapo hasira zikanishika. Nilimwambia, mbele ya komisioneri na mbele ya mama, kwamba akichota maji kule chini kila asubuhi kwa wiki moja, nitatia sahihi bila neno.

Ni mtu mkaidi. Kesho yake, kabla ya kwenda shule, alibeba bidoni mpaka bondeni, akapanda nayo hadi kwenye parseli ambayo haikuwa yetu, akamwaga maji kwenye majani, akaenda kufundisha. Wanawake wa kule mtoni walikuja kituoni kuniuliza kama mimi ni mgonjwa. Siku ya tatu mvua ilinyesha, akateleza, akaingia darasani na matope mpaka kiunoni. Tangu hapo hakuutaja tena ule mlima, lakini kwa wiki nzima alinijibu kama mtu anayejibu barua ya serikali.

Ndipo komisioneri akasema ana nyumba ambayo itatupatanisha sote. Alituchukua siku ya soko, saa nane mchana. Ilikuwa nyumba ya mbao, paa la manjanja, yaani mabati, na mawili tu ndiyo yaliyoota kutu. Nyuma yake kulikuwa na miti ya avoka na migomba, mama akapumua. Kulikuwa na kipande cha majani cha kutosha mbuzi wawili, labda ndama mmoja, mume wangu akakizunguka mara mbili mikono nyuma. Na hatua chache chini ya uwanja, chemchemi yenye bomba, maji meupe, yanatoka mchana na usiku. Hapakuwa na mtu. Palikuwa kimya hata tukasikia maji yanavyoanguka.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mzee anayehamia Bweremana kwa binti yake. Nilimuuliza kwa nini ardhi ya uwanja wake ni ngumu na laini kama saruji, hakuna hata unyasi mmoja. Akasema anafagia kila siku. Mama alifurahi, akaniambia nimwambie bwana yangu kwamba nyumba ya mwanamke anayefagia haina ubaya. Na ni kweli alikuwa anafagia, siwezi kusema alidanganya.

Tuliandika karatasi mbele ya shefu wa kijiji na mashahidi. Mume wangu alitia sahihi, mimi nikatia yangu, tukachinja mbuzi, watu wakala.

Asubuhi ya kwanza, giza halijaisha vizuri, nilisikia miguu na bidoni zikigongana ukutani. Nikadhani ni wageni. Nilipofungua mlango, mwanamke mmoja alipita mbele ya uso wangu, karibu kiasi cha kumgusa, bidoni mgongoni. Akanisalimia, akaniuliza nimelalaje, mama amelalaje, watoto wamelalaje, akaendelea. Nyuma yake alikuwepo mwingine, naye akaniuliza yaleyale. Halafu watoto wa shule, halafu mzee na mbuzi wake, halafu mwenye moto, yaani pikipiki, anayeisukuma kwenda kuiosha, akaniomba samahani nisogee. Nusu ya mtaa walichota maji pale, na njia yao ilipita katikati ya uwanja wangu. Sisi tulikuja kuangalia saa ambayo wote walikuwa sokoni.

Siku ya nne wakakumbuka kwamba mimi ni muuguzi. Wakaanza kusimama. Huyu ananionyesha mtoto mwenye upele, yule anataka kujua dawa aliyopewa jana inanywewa kabla ya bugali ao baada. Nilikuwa nawajibu nikiwa na mswaki mdomoni. Nilimpigia komisioneri simu. Akaniuliza kwa upole kama si mimi niliyetaka maji ya karibu.

Jumamosi mume wangu alikata miti na matete, akafunga uzio mzuri, imara. Jumatatu wanawake walifika wakaukuta. Hawakugombana. Waliweka bidoni chini, wakapiga hodi, wakangoja. Kwenye dirisha nilimwona mume wangu akitoka kwenda shule. Akafungua kipande cha uzio apite, na kwa kuwa hawezi kuwapita wakubwa wake, akakishika kwa mikono miwili mpaka wote wakaingia. Wanawake wakamshukuru. Kufikia mchana kile kipande kilikuwa kimekuwa mlango.

Nikaenda kwa shefu kushtaki. Alikuja mwenyewe, akaifuata njia kutoka juu mpaka kwenye bomba, akarudi, akaketi.

"Mama muganga," alisema, "hii njia nilipita nayo nikiwa mutoto, nyumba haiyajengwa. Mulinunua nyumba. Njia hamukuinunua."

Nilimuuliza kwa nini hakusema hivyo siku ya karatasi, alipokula mbuzi wetu. Alisema siku ile hakuna aliyemuuliza. Mama, ambaye nilitegemea atasimama upande wangu, alitikisa kichwa kukubaliana na shefu, tena akamwongezea maziwa.

Usiku huo tuligombana kweli, mimi na mume wangu, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watoto. Yeye alisema tusingekuwa na shida hii juu ya kilima. Mimi nilisema juu ya kilima ningekuwa nimekufa mgongo. Wote wawili tulikuwa na haki, na hilo halikutusaidia. Mwisho tulikubaliana jambo moja: mlango.

Fundi alikuja, akauziba mlango wa mbele kwa mbao, akakata mwingine upande wa migomba. Kazi ya siku mbili. Nilidhani sasa watu watapita na ukuta wao na sisi tutaishi na amani yetu. Nilisahau kwamba hapa hupiti nyumba ya mtu bila kumsalimia. Sasa wanaacha bidoni njiani, wanazunguka nyumba nzima mpaka kwenye migomba, wanapiga hodi, wananiuliza nimelalaje, kisha wanazunguka tena kwenda kuchota maji. Wameanza kutengeneza njia ya pili. Jana niliitazama: majani ya mbuzi yamekwisha kulala chini.