Chupa ya Insulini ya Mwalimu Asajile

Mwalimu Asajile wa Kawetele alifundisha kemia katika sekondari moja karibu na Tukuyu. Mwaka 1991 alianza kukonda ingawa alikula kuliko zamani, na kiu haikumwacha. Hospitalini wakamwambia ana kisukari, na kwamba ataishi kwa sindano.

Mkewe, Veronika, hakuelewa. "Sukari imejaa kwenye damu, mbona unakonda kama mtu wa njaa?"

"Imejaa lakini haiingii inakotakiwa, Mama Tulia. Insulini ndiyo inayoiingiza. Bila hiyo mwili unakula mafuta yake wenyewe, na mafuta yakiliwa hivyo damu inajaa tindikali."

Kila Jumamosi alijipima maabara. Alichanganya mkojo kidogo na ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, akachemsha. Ikibaki bluu, alirudi nyumbani akipiga mluzi. Ikigeuka kijani, alipunguza ndizi.

Mwaka 1994 insulini ikakosekana hospitalini. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kufunguliwa mjini, na katika duka moja Veronika akaona chupa imewekwa rafuni, dirishani, juani. Wakauza ndama, wakainunua.

Mwalimu akajidunga siku tatu, kisha akapima. Ile dawa ya bluu ikageuka rangi ya matofali, yaani sukari tele. Akaongeza kipimo, ikawa vilevile. Akamwambia mkewe, "Hii imekufa. Insulini ni protini, kama ute wa yai. Ikishaharibiwa na joto, hairudi."

"Turudi dukani?"

"Wana hiyo hiyo tu."

Jumapili alikwenda kanisani akihema kwa nguvu. Mzee wa kanisa, Meshaki, alipomsogelea alisikia harufu kama ya ndizi zilizochachuka. Akamvuta pembeni.

"Mwalimu, unakuja kwenye meza ya Bwana umelewa?"

"Sijanywa, mzee. Ni mafuta yanaungua mwilini. Harufu inatoka na pumzi."

"Nenda kapumzike," Meshaki akasema, bila kumwangalia usoni.

Jumatatu aliingia darasani, akaandika nusu ubao, akatapika. Walimu wenzake wakampeleka Mbeya kwa gari la kukodi. Njiani bado alikuwa akieleza, polepole, kwamba mapafu yanahema haraka ili kutoa tindikali, na kwamba hayatashinda. Huko walimtundikia maji. Insulini haikuwapo huko pia; ilikuwa imeagizwa. Alhamisi asubuhi, kabla haijafika, akafariki.

Msibani watu walizungumza kwa sauti za chini kuhusu pombe. Shemeji mmoja wa Veronika akamwuliza wazi kama mumewe alikuwa akinywa kwa siri.

"Hakunywa," Veronika akasema. "Ilikuwa tindikali. Mafuta yake yali…"

Mwenye kujua kuyaeleza maneno yale walikuwa wamemzika mchana ule. Shemeji alisubiri kidogo, kisha akaenda kuchukua chai.