Loki za Magurudumu ya Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini Afisa Usafirishaji hakunipa usukani. Alinipa ndoo na brashi, akasema, "Osha magurudumu kwanza, Kasiani. Dereva asiyeyajua magurudumu yake ni abiria tu." Nilichuchumaa kwenye uwanja wa ofisi yetu ya mbegu za mpunga, hapa Ifakara, nikasugua tope mpaka katikati ya kila gurudumu la mbele pakatokea kitasa cha kuzungusha kwa vidole. Hiyo ndiyo loki. Afisa akanieleza kazi yake mara moja, hakurudia.

Sikilizeni, nyie mnaobonyeza kitufe cha magurudumu manne huku mnatafuna karanga. Pikapu za zamani zilikuwa na vijiti viwili vya gia. Kirefu ni cha kawaida. Kifupi ndicho kinachoamua kama injini isukume magurudumu ya nyuma peke yake au yote manne, na kina sehemu yenye herufi L. Hapo gari linatambaa tu, lakini lina nguvu ya kung'oa kisiki. Wengi hudhani kijiti kinatosha. Thubutu! Usiposhuka ukafunga zile loki mbili kwa mkono wako, magurudumu ya mbele yanakaa yanatazama tu, na ya nyuma yanajichimbia kaburi. Na ukifika pakavu unatoa L na kufungua loki, la sivyo utaua difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu.

Nilifanya kazi Mlimba, nikahamishiwa Malinyi, nikarudishwa Ifakara, miaka yote hiyo na pikapu moja ya bluu. Masika wenzangu wakikwama, mimi napita. Bwana Shamba Mkuu aliwaambia wageni, "Huyu gari linamtii." Basi nikanogewa. Nikawa nashuka kabla ya tope nikijifanya nakagua upepo wa matairi. Napiga teke hapa, nainama pale, vidole vinazungusha loki chapuchapu. Maandishi ya kufunga na kufungua yaliyo juu ya loki niliyapaka grisi na vumbi ili mtu asiyasome. Fundi wetu alijua, lakini nani humuuliza fundi gari likiwa zima?

Ndipo akaja Faustini. Alikuwa ameendesha malori kwenye barabara za lami, kijana mrefu, mwimbaji wa kwaya. Akicheka yeye, Meneja naye anacheka. Wiki ya pili Meneja akaniita ofisini.

"Kasiani, pikapu mkabidhi Faustini, miezi mitatu ya majaribio. Wewe chukua lile gari dogo, uwe unapeleka barua."

Jamani, niliona wivu! Sina jina jingine la kuuita. Nikimwona anafuta kioo cha pikapu yangu, chakula hakishuki. Mke wangu alipomsifu kwa kuimba vizuri kanisani, nilisusa wali siku nzima.

Siku ya makabidhiano alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo, kaka. Nifundishe, huko mabondeni mimi mgeni."

"Marahaba. Kanyaga klachi mpaka chini, halafu vuta hiki kifupi hadi L. Basi."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekwama mara mbili, akavutwa na trekta. Meneja akampa barua ya onyo: akikwama mara ya tatu, hana kazi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake. Nililala usingizi mzuri kabisa.

Mara ya tatu tulikuwa wote, Meneja, Faustini na mimi, njia ya Namawala, mbegu zimejaa nyuma. Faustini alikanyaga klachi, akavuta L, akaingia topeni taratibu, yote kama nilivyomwambia. Magurudumu ya nyuma yakazama. Alinigeukia jasho likimtiririka.

"Kaka Kasiani, nimekosea wapi?"

Neno moja tu lingemwokoa. Nikamjibu, "Gari halijakuzoea."

Meneja akamwamuru ashuke. Tukatandika matete chini ya matairi. Mimi nikazunguka, teke kushoto, teke kulia, nikainama mara mbili, nikapanda. Pikapu ikatoka inanguruma, na Meneja akapiga makofi. Faustini alisimama kwenye majaruba, viatu mkononi, ananitazama. Jumatatu hakuja kazini.

Nilipostaafu, ofisi iliniuzia pikapu ile ile. Faustini yeye alifungua gereji Katindiuka, na kila mwenye gari kuukuu anakwenda kwake. Nilikuwa nazunguka njia ndefu nisilione bango lake. Watu hustaafu, wivu haustaafu.

Masika haya mvua iliharibu njia ndefu, nikalazimika kupita pale na magunia yangu ya mpunga. Nikakwama hatua chache tu kutoka gereji yake. Nilishuka kufunga loki. Vidole vyangu siku hizi vimekakamaa kwa baridi yabisi. Nilijaribu mkono wa kulia, nikajaribu wa kushoto, hazikuzunguka. Nikasikia mtu anakanyaga maji nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

 Faustini akapiga magoti topeni, akazungusha ya kushoto, akaenda kuzungusha ya kulia.

"Ulijifunza wapi?" nikamuuliza.

"Kwako, siku ile ya Namawala. Uliinama mara mbili. Mtu hainami hivyo kutazama upepo."

"Sasa mbona hukumwambia Meneja?"

Alijipangusa mikono kwenye suruali. "Angekufukuza, mzee. Nyumbani kwako walikuwepo watoto watano. Mimi sikuwa na hata kuku."

Nimemwonea wivu huyu mtu kwa urefu wake, kwa sauti yake, kwa pikapu, kwa gereji. Pale topeni nilimwonea wivu kwa moyo wake, na huo uliniuma kuliko yote. Ndiyo maana nimewaandikia habari za loki waziwazi, maana yeye nilimnyima.

Nilipanda, nikashika usukani. Akaja dirishani.

"Haya, mzee," akasema, "klachi mpaka chini, halafu L."

Nikakanyaga klachi, nikavuta kile kifupi hadi L, kama nilivyoambiwa.