Macho ya Nunursi

Macho ninayashona mwisho. Ninakata mwili, ninaunga masikio, ninajaza tumbo, ninafunga mgongo, halafu ninamlaza kwenye mkeka bila uso mpaka mwenye kumchukua aje. Hapo njo ninatoa vifungo viwili na kumshonea macho mbele yake. Wateja wanadhani ni ujanja wa biashara. Si ujanja. Nunursi, huyu dubu wa kitambaa ambaye watoto wa Kindu wanamkumbatia bila kuwahi kuona dubu wa kweli, ukishamtia macho anakutazama, na akikutazama wiki nzima huwezi tena kumtoa. Nilijaribu. Wa kwanza niliyemshonea macho mapema nilimficha chini ya kitanda, nikamwambia mteja kwamba panya wamemla.

Hapa mtaani kwetu, Alunguli, wananicheka. "Mwanamuke muzima, diploma iko mukononi, anachezea vitambaa!" Wacheke. Nilisoma ushonaji miaka yote ya sekondari, mtihani wa mwisho niliufanya na mimba ya miezi saba, tumbo limegusa meza, na hakuna mtu aliyenishikia sindano. Lakini hiyo kanuni ya macho sikuipata shuleni. Niliipata wakati wa vita, nikiwa na miaka sita, kwa mama yangu, na yeye hakunifundisha kwa mdomo.

Wakati ule mji ulikuwa umefungwa. Askari walikuwa ndani, wapiganaji wengine walikuwa msituni, sisi katikati. Treni haikuja. Chumvi ilinunuliwa kwa kijiko, na mwenye sabuni aliifunga kwenye ncha ya kikwembe chake kama pesa. Baba alikuwa amekwenda Kibombo kutafuta mchele kabla njia haijafungwa, na hakurudi. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta chakula, na walijua kutafuta. Walipekua dari, walichimba chini ya mafiga, waliingiza mkono hadi kwenye nepi za watoto.

Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha kuficha: mpunga wa mbegu. Si wa kula. Tulilala njaa na mpunga ule ukiwa ndani ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kuugusa, kwa sababu siku njia ya bonde itakapofunguliwa, asiye na mbegu atakufa akitazama wenzake wakilima.

Basi mama akachukua suruali ya bluu ya baba, akakata mguu mmoja, akashona mnyama. Miguu minne, masikio mawili, kichwa cha mviringo. Alikuwa amewahi kumwona wa namna hiyo katika nyumba moja ya wenye mali alikokuwa akifua nguo. Akamjaza mpunga wote, akamfunga, akaniwekea mikononi.

"Huyu njo wako," akasema. "Usimwache chini, hata ukienda chooni."

Alikuwa mzito kama mtoto mchanga. Nikimgeuza alinong'ona tumboni. Nilijua ni mpunga, mtoto wa Maniema atakosaje kujua harufu ya mpunga, lakini kwangu ilikuwa kama mtu kuwa na utumbo: kila mtu anao, na hakuna anayeufikiria. Nilimbeba mgongoni. Nilimwambia baba yuko wapi, yaani nilitunga. Kitu kimoja kiliniudhi: hakuwa na macho. Nilimwomba mama amshonee. Akasema hana vifungo. Nikachukua mkaa, nikamchora mwenyewe. Yakafutika usiku nilipomlalia. Asubuhi nikachora tena. Ikawa ndiyo kazi yangu, kila siku nikiamka, kabla ya kunawa uso wangu ninampa yeye macho.

Siku moja askari watatu waliingia. Mmoja akamshika nunursi mguu, akampima mkononi.

"Mbona muzito hivi?"

"Mchanga, papa," mama akajibu, hata hakugeuka, anafagia. "Siku hizi pamba tutaitoa wapi?"

Akamtikisa karibu na sikio. Mimi nikapiga ukelele ambao majirani waliusikia, si kwa ujanja, kwa kuogopa kweli, kwa sababu alikuwa akimshika kichwa chini. Askari akanirushia, akamwambia mama, "Kamata mutoto wako. Asinipasue masikio."

Halafu mvua zikaanza, na njia ya bonde nyuma ya nyumba ikaachiliwa kidogo. Wanawake wakaanza kushuka na majembe. Siku zikapita, nikadhani sisi hatutashuka. Asubuhi moja mama aliketi mlangoni na wembe na ungo, akaniambia, "Leta." Nikaleta, kwa sababu nilidhani atamshonea macho. Akampasua mgongo mbele yangu. Mpunga ukamwagika kwenye ungo, na yeye akalegea, akawa kitambaa. Nilimuuma mama mkono mpaka damu. Hakunipiga. Alisema tu, kama anazungumza na ukuta:

"Atalia siku mbili, atasahau."

Sikusahau. Nakumbuka hata shamba lile. Majirani walikuwa wamekwisha kuvuna na kurudi nyumbani, na mpunga wetu peke yake ulikuwa bado umesimama, kwa hiyo ndege wote wa bonde walihamia kwetu. Nilisimama kwenye tope tangu asubuhi nikipiga debe, nimekonda, ninawatukana ndege matusi ambayo nilikuwa na hamu ya kumtukana mama. Nusu walikula wao. Nusu tulikula sisi, na tukapona.

Hiyo ndiyo hasira niliyoingia nayo ukubwani.

Sasa nina binti wa miaka mitano. Baba yake anachimba madini Kampene, anatuma salamu kuliko kitu kingine. Mama anaishi nasi. Ninashona nunursi kwa vipande ninavyookota kwa mafundi wa nguo, na ninawajaza sufi, ile pamba nyepesi ya mti wa msufi, ambayo inapatikana wakati wa kiangazi tu. Mwaka jana mvua zilipokolea, mama mmoja wa Butembo mwenye duka ng'ambo ya mto aliniletea komande: nunursi kumi wa rangi ya kahawia, kwa sikukuu ya Noeli, kwa watoto kumi wa shule ya maternele ya kanisa lao.

"Kumi," akasema. "Si tisa. Watoto wadogo, mumoja akikosa, sikukuu imekufa."

"Sisi nyumbani ni Waislamu," nikamwambia.

"Na nunursi je, amebatizwa? Shona, mwanangu."

Nilishona. Sufi iliniishia kwa wa tisa. Wa kumi nikamjaza makapi ya mpunga kutoka mashine ya kukoboa, maana makapi hayanunuliwi, unajichotea tu kwenye lundo. Na hapo njo kosa langu, kosa la aibu kwa mtu aliyezaliwa kwenye mpunga. Mashine yetu ni mbovu, kila mtu anajua, inaacha punje nzima ndani ya makapi. Sikupepeta. Nilikuwa na haraka. Nikamweka wa kumi juu ya wenzake, pembeni, mahali bati linapovuja.

Siku moja kabla ya kupeleka, binti yangu alipiga kelele: "Mama! Nunursi anaota ndevu!"

Nikakimbia. Kidevuni, kwenye mshono, na chini ya sikio moja, majani membamba ya kijani yalikuwa yamechomoza. Mpunga. Ulikuwa umekunywa mvua wiki nzima na kuota. Nilimlaani mwenye mashine, nililaani bati, nilimlaani baba yake mtoto ambaye alisema atalitengeneza. Mama yangu alicheka mpaka akaketi chini, anafuta machozi kwa kikwembe. Alipomaliza kucheka akatazama pembeni ya mlango.

Binti yangu alikuwa pale, amembeba wake mgongoni.

Huyo wake lazima nimweleze. Mteja mmoja alikuwa amemwagiza, kisha hakurudi. Mtoto akamchukua mkekani. Nikamwambia, "Shika kwanza, mpaka mwenyewe aje." Mwenyewe hakuja. Mtoto akamlisha, akamwogesha, akamfunga mgongoni kama wanawake, na kila mara aliniuliza, "Mama, ataona lini?" Nikajibu kesho. Miezi mitano ninasema kesho. Kwa nini? Niseme ukweli: nilikuwa ninamweka akiba. Nilikuwa ninamwazima mwanangu kitu ambacho nilijua naweza kumpokonya.

"Iko ule wa mutoto," mama akasema. "Rangi ni moja. Hana hata macho. Kwa sheria yako mwenyewe, bado si wa mutu."

Mtoto alimshusha mgongoni, akamficha nyuma yake. Mama yangu akaongeza:

"Atalia siku mbili, atasahau."

Sijui nilianza vipi. Najua nilisimama, na jirani alinyamazisha redio yake ili asikie vizuri.

"Mimi nilisahau? Mama, niangalie. Mimi nilisahau?"

"Usinipigie kelele."

"Ulimpasua mbele ya macho yangu! Wembe! Nilikuwa na miaka sita!"

"Na kama nisingempasua, leo ungekuwa na hiyo sauti ya kunitukania?"

"Ungeniambia! Tangu mwanzo ungeniambia ni gunia!"

"Ungemwambia kila askari. Wewe? Mudomo huo?"

Ilikuwa kweli, na hiyo ikanikasirisha zaidi. Mama akaokota yule mwenye ndevu, akaanza kumtoa majani, moja moja, bila kunitazama.

"Nilichelewa wiki tatu," akasema. "Wenzangu wote walishuka bondeni. Kila asubuhi nilichukua wembe, nikakuta umeamka mbele yangu, umekwisha kumuchora yale macho yako ya mkaa. Nikasema kesho. Kesho tena nikasema kesho. Wiki tatu. Wale ndege uliowapigia debe, ulifikiri walitoka wapi? Walitoka kwa macho yale."

Nilikuwa nimebeba hasira yangu miaka yote hiyo kwa mtu mmoja, na sasa haikujua imkalie nani. Sikumkumbatia. Sisi hatuna hiyo tabia. Nilichukua kopo la vifungo.

"Leta nunursi," nikamwambia binti yangu.

Akatikisa kichwa. Midomo ilikuwa ikitetemeka. Niliijua midomo ile.

"Leta. Sitampasua. Nataka kumshonea macho."

Alikuja polepole, hakumwachilia, kwa hiyo nilishona huku naye amemshika masikio. Vifungo viwili vyeusi vya shati la baba yake. Nilipitisha uzi mara sita kila upande, uzi wa kushonea viatu, ili hata mimi mwenyewe siku moja nikiingiwa na wazimu nishindwe kuving'oa.

Mama akasogea, akakunja macho. "La kushoto limepanda."

"Acha. Njo uso wake."

Mtoto akaweka pua yake kwenye pua ya nunursi. "Ananiona?"

"Anakuona."

"Anaona na bibi?"

"Bibi njo anamwona sana," nikasema, na mama akaguna.

Akabaki yule wa kumi, na haikuwa bado adhuhuri. Niliingia chumbani, nikatoa mto wangu, mto wa sufi niliopewa siku ya harusi, nikaupasua.

"Muto wa ndoa yako!" mama akashika kichwa.

"Ndoa yenyewe iko Kampene."

Kahawia ilikuwa imekwisha, nikakata kikwembe changu cha maua. Mama aliketi kunichambulia sufi, anapiga chafya, analalamika, vidole vyake vinakwenda upesi kuliko vyangu. Adhana ya alasiri ilitukuta tunafunga mgongo.

Kesho yake nilivuka mto na kumi wote ndani ya gunia safi. Mama wa Butembo aliwapanga juu ya meza, akamshika yule wa maua. "Na huyu? Nilisema kahawia."

"Ulisema kumi. Hesabu."

Akahesabu. Akanitazama usoni, akaona kwamba siku hiyo sitabishana kwa upole. "Twende kwa watoto," akasema. Nilishona macho ishirini nimeketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika masikioni, na wa kwanza kuondoka alikuwa yule wa maua. Watoto wawili walimgombania.

Sasa ninalala bila mto, ninakunja kikwembe chini ya kichwa. Shingo inauma. Kiangazi kikifika nitajaza mwingine. Yule mwenye ndevu mama alimfukia mzima nyuma ya jiko, akamzungushia vijiti. Mpunga ukapanda hadi magotini, halafu kuku wa jirani wakamaliza kila kitu, na mama aliwatukana kwa matusi ambayo niliyatambua.

Siku aliyokuwa aking'oa vile vijiti aliniuliza, bila kuinua kichwa:

"Na ule wako wa bluu. Kama ningemutia vifungo tangu mwanzo, ungeweza kunipa nimupasue?"

"Hapana."

"Njo maana nilikuambia sina vifungo," akasema, akafunga vijiti kwa kamba, akavipeleka jikoni kuwashia moto.